Afande, Raia na Utumishi: Utamaduni wa Kambi Katika Huduma ya Polisi

Mazoea yana taabu, walisema wahenga, na pengine hakuna mahali ambapo taabu hiyo hudhihirika kama katika vyombo vya usalama. Sheria yaweza kubadilishwa bungeni kwa alasiri moja. Mazoea ya kambini hayana mswada. Askari mkongwe humrithisha kuruta, na kuruta naye akikongwa humrithisha mwingine. Wataalamu wa usimamizi huyaita mazoea ya aina hii utamaduni wa shirika, yaani yale ambayo watu wa shirika hutenda bila kuambiwa, na yale wasiyothubutu kutenda hata sheria ikiwaruhusu. Polisi wa Kenya ni mfano ulio wazi mno wa jambo hili.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha jina. Katika Kiingereza, neno lililomaanisha nguvu liliondolewa, mahali pake pakatiwa lile linalomaanisha huduma. Vyombo viwili, Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala, viliwekwa chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Mwaka 2018 ikatangazwa sare mpya ya rangi ya samawati. Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba kaulimbiu ya polisi kwa Kiswahili ilikuwa "Utumishi kwa Wote" hata kabla ya mageuzi hayo. Kwa miaka mingi, basi, chombo hicho kilijiita mtumishi kwa lugha moja na nguvu kwa lugha nyingine, na mwananchi aliyesimamishwa barabarani usiku hakuhitaji kamusi kujua ni lugha ipi iliyosema kweli.

Utamaduni huu umejificha katika msamiati. Chukua neno "afande". Asili yake ni Kituruki. Lilipitia Misri na Sudan, likaingia Afrika Mashariki pamoja na askari wa Kisudani walioajiriwa na Waingereza, kisha likastawi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Ni neno la mdogo kwa mkubwa wake. Hata hivyo, mama mboga anayeombea kikapu chake kisimwagwe humwita konstebo "afande", na dereva wa matatu hufanya vivyo hivyo. Kwa kutamka neno hilo, mtu ambaye hakuwahi kula kiapo chochote hujiweka katika safu ya makuruta. Mkabala wake ni "raia". Kiarabu kilichotupa neno hili kililihusisha na kundi linalochungwa, na kwa hiyo na watu walio chini ya mtawala. Katiba imelipa hadhi mpya: raia ndiye mwenye mamlaka. Kambini, la hasha! Huko raia bado ni yule asiye mwenzetu, mtu wa nje ya ua, ambaye mambo ya ndani hayamhusu. Ni kana kwamba askari, siku alipovaa sare, aliacha uraia wake langoni.

Athari za msamiati huu si za kinadharia. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti mwaka 2008 kwamba watu 1,133 walifariki katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na kwamba 405 kati yao walikufa kwa risasi. Ripoti hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Jedwali la Sita la sheria hiyo linasema waziwazi kuwa kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Hiki ni kifungu cha kimapinduzi. Lakini je, kuruta aliyefunzwa kwa miezi mingi kuwa jibu la kila amri ni "Ndio, afande" atapata wapi ulimi wa kusema vingine? Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipigwa risasi na kuuawa karibu na majengo ya Bunge. Sheria ya 2011 ilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Yamkini mtu atasema kuwa tatizo ni mshahara na makazi. Hoja hii haipaswi kubezwa. Jopokazi la Jaji Mstaafu Philip Ransley la mwaka 2009, na lile la Jaji Mkuu Mstaafu David Maraga lililowasilisha ripoti yake mwaka 2023, yote yalishughulikia maslahi ya askari. Familia mbili zinazotenganishwa na pazia katika chumba kimoja si hadithi ya kubuni. Ila dhiki inaeleza hongo ya shilingi hamsini. Haielezi kimya cha kikosi kizima mwenzao mmoja anapoua. Kimya hicho hufunzwa.

Zoezi la kuwapiga maafisa msasa, lililoanza Desemba 2013, lilikaribia kuufikia mzizi. Rekodi za M-Pesa zilipofunguliwa, baadhi zilionyesha pesa zikipanda kutoka kwa askari wa trafiki hadi kwa wakubwa wao. Hapo ndipo palipostahili kuchimbwa: kwa nini mdogo aone kumtumia mkubwa ni sehemu ya kazi? Badala yake, kila afisa alihojiwa peke yake, akafaulu au akaanguka peke yake. Walioondolewa waliondoka, na kiota kikabaki.

Mageuzi ya kweli hayana budi kuanzia Kiganjo na Embakasi, uwanjani, na wasomi wa Kiswahili wasijitie pembeni, kwa maana lugha ya uwanja huo ni yao pia. Matusi anayomwagiwa kuruta asubuhi ndiyo atakayommwagia mchuuzi miaka miwili baadaye. Liwepo zoezi ambalo mkufunzi anatoa amri haramu kwa makusudi, na kuruta anafunzwa, kwa sauti ileile ya gwaride na mikono ubavuni, kujibu: "La, afande. Amri hiyo ni kinyume cha sheria." Alama za zoezi hilo ziingie katika matokeo yake ya kufuzu. Kisha Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi itangaze, kwa maandishi, ni nani atakayemtetea konstebo wa kwanza atakayeitamka sentensi hiyo barabarani, pindi barua yake ya uhamisho itakapofika kesho yake.