Nusu Mkate Tuliowapakulia Majirani

Kila habari za Sudan Kusini zikizuka, Mkenya huvuta kiti na kujipiga kifua: amani yao tuliipika sisi. Machakos 2002, Naivasha, Jenerali Lazaro Sumbeiywo akisuluhisha, kisha Januari 9, 2005 pale uwanja wa Nyayo, John Garang na Ali Osman Taha wakatia sahihi. Hata mimi nilijivunia hivyo hivyo. Siku hizi naona haya.

Hebu tuulize tulipika nini. Mkataba ule ulimaliza vita vya kaskazini na kusini, sibishi. Lakini damu waliyomwagana watu wa kusini wenyewe kwa wenyewe, kama mauaji ya Bor ya 1991, ilifunikwa tu. Desemba 2013 kifuniko kikaruka, Juba ikawaka, watu wakasakwa nyumba hadi nyumba kwa sababu ya kabila lao. Na dawa ikawa nini? Nusu mkate, ule ule tuliojilisha sisi 2008! Mkataba wa 2018 ulizaa rais mmoja na makamu watano. Watano, jamani. Mahakama mseto iliyoahidiwa 2015, ikaahidiwa tena 2018, haijasikiliza kesi hata moja. Viti vilipata wenyewe. Waliofiwa wanaambiwa wangoje.

Eti hawajui kupatana? Mwaka 1999, vita vikiwa bado vinawaka, Wadinka na Wanuer walikutana Wunlit, Bahr el Ghazal, kwa wito wa makanisa. Fahali mweupe akachinjwa. Kisha kila upande ukasimama mbele ya mwenzake ukataja: ng'ombe walioporwa, wanawake na watoto waliotekwa. Upande wa pili ukasikiliza, ukajibu. Wakaafikiana mateka warudishwe, malisho na maji vifunguliwe. Hakuna aliyetoka pale akiwa waziri. Sisemi Wunlit iliponya kila kitu. Haikufika kila eneo, na wenye bunduki walibaki nazo.

Utaniambia: usipowaridhisha hao wenye bunduki, risasi hazinyamazi. Kweli. Basi tuuite usitishaji wa vita, tusiuite maridhiano. Na wakija tena Nairobi kuzungumza, kabla hatujawaagizia chai na kugawa wizara, wajane wa Bor na wa Juba waketi mbele, waseme wanadai nini, na nani.