Jina la Chuo Lisiwe Kizingiti

Katika sura ya kwanza ya Injili ya Yohane, Natanaeli anaposikia kwamba Yesu ametoka Nazareti, anatilia shaka mara moja kama kijiji kile chaweza kutoa kitu chema. Filipo habishani naye. Anamwalika tu aje ajionee. Vijana wetu wengi wanaotafuta kazi hukutana na Natanaeli, lakini hawakutani na Filipo. Barua yao husomwa hadi lilipo jina la chuo, kisha huwekwa kando.

Hadhi ya vyuo hapa Tanzania ina historia yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Hadi Chuo Kikuu cha Sokoine kilipoanzishwa Morogoro mwaka 1984, hapakuwa na chuo kikuu kingine nchini. Kwa miaka mingi baada ya uhuru serikali iliwapangia wahitimu kazi, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kushindanisha vyuo. Baadaye vikaja vingine: Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Maaskofu wetu, Mwanza, mwaka 1998, Dodoma mwaka 2007, na vingi zaidi. Hata hivyo wakubwa wengi wa ofisi walisoma Mlimani, na mtu humwamini kwa urahisi yule aliyepita njia aliyopita yeye.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Mwajiri mwenye barua mia tano na nafasi mbili hutafuta chujio la haraka. Tena chuo chenye walimu wazoefu, maktaba na maabara nzuri kinastahili sifa. Lakini sifa hiyo ni ya chuo. Haitwambii bidii, uaminifu wala ujuzi wa huyu aliye mbele yetu. Binti wa mkulima aliyechagua chuo cha karibu kwa sababu ya nauli na kodi ya chumba huadhibiwa mara mbili: kwanza kwa umaskini wa wazazi wake, pili kwa cheti kilichotokana na umaskini huo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa kabila, dini, jinsia au mahali alikotoka. Jina la chuo haikulitaja. Lakini je, dhamiri ya Mkristo hungoja sheria? La hasha. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya. Basi mtu huyo ndiye apimwe.

Hatuna budi kuanzia nyumbani mwetu, kwa kuwa Kanisa nalo ni mwajiri katika shule, hospitali na ofisi za majimbo. Yafaa majina ya vyuo yafunikwe wakati wa mchujo wa kwanza, na kila mwenye shahada inayotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu apewe jaribio la kazi yenyewe: mwalimu afundishe kipindi kimoja, mhasibu afunge hesabu za mwezi. Walei wenye ofisi na biashara wawapokee wanafunzi wa mazoezi ya kazi kutoka vyuo visivyo na jina, maana hapo ndipo wengi huanza kufahamika. Navyo vyuo, vikiwamo vya Kanisa, visifanye neno haki kuwa maficho. Chuo kinachotoa shahada bila kufundisha kinamwibia mzazi aliyeuza ng'ombe wake, na jaribio la haki litakiumbua.

Wahenga walisema chema chajiuza. Ni kweli kikiwa sokoni. Kikifungiwa ghalani, nani atakiona? Tufungue mlango kwanza, kisha tupime bila upendeleo. Nazo Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zijiulize juma hili: katika parokia yetu, ni nani aliyenyimwa kazi kabla ya kuulizwa anaweza kufanya nini? Na aliyemnyima, je, si mmoja wetu?