Zaid na Amru Waingie Darasa la Kiingereza

Ukipita Msambweni baada ya sala ya Alasiri hukosi kuwasikia wanafunzi wa chuoni, wale wakubwa waliokwisha kuingia katika nahau, wakisoma kwa sauti moja: dharaba Zaydun Amran. Zaid alimpiga Amru. Muulize yeyote kati yao mpigaji ni nani, atakujibu papo hapo kuwa ni Zaid, kwani mwisho wa jina lake una dhumma, na mwisho wa jina la Amru una fataha. Mmoja ni fa'il, yaani mtenda. Wa pili ni maf'ul, mtendwa. Asubuhi yake mtoto huyo huyo huketi katika darasa la Kiingereza, akaulizwa swali lilo hilo juu ya sentensi ya maneno manne, akaduwaa.

Kuna watu, na baadhi yao ni wenzetu, wasemao kwamba chuo ndicho kinachompotezea mtoto wa Kwale wakati wa kujifunza Kiingereza. Mimi nasema kinyume. Mtoto huyo ana ufunguo mfukoni, ila hakuna aliyemwambia kwamba unafungua na mlango wa pili. Kitabu kidogo cha Al-Ajurrumiyya, alichokitunga Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, huanza kwa kuyagawa maneno mafungu matatu: ismu, fiili na harfu. Mwalimu wa Kiingereza naye huja na mafungu yake manane, kana kwamba darasa zima halijapata kusikia kuwa kila neno lina kazi yake.

Tofauti iko wapi basi? Iko katika alama. Kiarabu hutia alama mwisho wa neno, kwa hiyo hata ukimtanguliza Amru, ukasema dharaba Amran Zaydun, aliyepigwa bado ni Amru. Kiswahili hutia alama ndani ya kitendo chenyewe. Sema "Asha amelila embe", sema "Embe Asha amelila", au "Embe amelila Asha". Ile li ni ya embe na ile a ni ya Asha, wala hakuna atakayedhani kuwa Asha kaliwa. Chidigo nacho, kinachosemwa katika nyumba zetu nyingi, hupachika alama zake kwenye kitendo vivyo hivyo. Kiingereza hakina dhumma wala li. Zamani, kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, kilikuwa na alama zake mwishoni mwa majina, lakini zikachakaa zikadondoka, zikabaki chache tu, kama vile "he" kugeuka "him". Sasa alama yake ni mahali neno lilipoketi. Anayetangulia kitendo ni mtenda, anayekifuata ni mtendwa. Geuza maneno ya "Asha ate the mango" uone: embe litamla Asha. Hilo ndilo somo la kwanza, nami sijui kwa nini halisemwi siku ya kwanza.

Hata makosa ya watoto wetu yana asili yake. Mtoto akiandika "My father teacher", si kwamba amesahau. "Baba mwalimu" kwetu ni maneno kamili, na kwa Kiarabu ni mubtada na khabari yake, hapatakiwi kitendo. Kiingereza hakikubali sentensi isiyo na kitendo, lazima "is" ipachikwe pale. Akiandika "My mother she is cooking", ile "she" ni a ya "anapika", amehama nayo kutoka nyumbani. Mwalimu anayepiga mstari mwekundu asieleze haya anamwadhibu mtoto kwa kuijua vyema lugha yake.

Vijana wa ufukweni Diani watanicheka. Wao wamekipata Kiingereza, na Kijerumani na Kiitaliano juu yake, kwa masikio tu. Kweli, lakini mchangani mikono na macho husaidia. Karatasi haina mikono.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini karatasi za ardhi mara nyingi bado hutujia kwa Kiingereza. Mzee mmoja wa jamaa zetu aliletewa mkataba wa kukodisha kipande cha shamba lake, nami nilikuwapo barazani. Mjukuu wake aliyemaliza sekondari akaambiwa asome. Maneno aliyajua yote, moja moja. Alipofika penye "The rent shall be paid by the lessee" akamwambia babu yake kuwa yule aliyekodi atalipwa kodi. Mzee akavua miwani. "Shamba langu, na kodi nitoe mimi?"

Kijana alimwona "lessee" baada ya kitendo, akamhesabu kuwa maf'ul, asiitazame ile harfu ndogo "by" iliyosimama mbele yake, ambayo ndiyo "na" yetu: kodi italipwa na aliyekodi. Na kodi yenyewe, ijapokuwa imeketi mahali pa mtenda, ni naibu wa fa'il tu, jambo ambalo chuoni alikwisha kulisoma. Bahati njema mzee aliuliza kabla ya kutia dole gumba.

Simtaki mwalimu wa chuo afundishe Kiingereza. Namtaka mwalimu wa shule, siku ya kwanza, aulize ni nani darasani aliyesoma nahau, kisha awaandike Zaid na Amru ubaoni kwa lugha tatu, bega kwa bega. Ikiwa ametoka bara na Ajurrumiyya hajapata kuiona, chuo hakiko mbali na shule, na kikombe cha kahawa kinatosha kuanzisha mazungumzo.

Yule kijana nilimpa penseli. Tafuta fiili kwanza, nikamwambia, kisha uulize nani. Akaurudia mkataba toka mwanzo akipiga mistari, babu yake kamwinamia begani, na tulipofika ukurasa wa tatu ikaadhiniwa Magharibi.