Kutoka Vitabu vya Zamani: Hongo ya Ugogo

Mwezi huu twawaletea kwa ufupi habari zilizoandikwa juu ya nchi yetu ya Ugogo na watu waliopita humo zamani, kabla ya gari la moshi. Tumezichagua kwa sababu moja. Vijana wetu wasomao vitabu vya Kizungu hukuta humo ya kwamba babu zetu walikuwa wanyang'anyi wa njiani, nao huja kutuuliza kama ni kweli. Haifai kuwajibu kwa hasira. Yafaa kuwafungulia vitabu vyenyewe, waone yaliyoandikwa na yaliyoachwa.

Wa kwanza ni Richard Burton, Mwingereza, aliyepita pamoja na mwenziwe Speke mwaka 1857, wakiyatafuta maziwa makubwa. Kitabu chake kilipigwa chapa London mwaka 1860. Asimulia jinsi msafara ulivyovuka Marenga Mkali, ile nyika isiyo na maji iliyo kati ya Mpwapwa na Ugogo (nasi tusemao Chigogo twajua kwamba malenga ndiyo maji), ukaingia kwa watemi, na kila mtemi akataka hongo. Huko Kanyenye walimkuta mtemi Magomba, mwenye nguvu kupita wenziwe, wakakaa siku kadhaa wakibishana naye juu ya nguo. Burton amchora mzee yule kwa dhihaka nyingi: makunyanzi yake, upara wake, mafuta aliyojipaka mwilini. Kalamu yake ni kali, tena yachekesha. Lakini mtu aliyengojeshwa mlangoni, kisha akalipa bila kupenda, si shahidi mwema wa sura ya mwenye nyumba.

Wa pili ni Henry Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, akaingia Ugogo mwezi wa Mei, na kitabu chake kikatoka mwaka 1872. Hapa tutakaa kidogo, maana habari zake ni nyingi na hazipatani zenyewe kwa zenyewe.

Kwanza alalamika. Watu walimiminika barabarani kumtazama, wake kwa waume, wakicheka na kupiga kelele, hata yeye akakasirika. Atwambia mwenyewe, pasipo haya, kwamba alimkamata mmoja wao shingoni akampiga mjeledi. Kisha ahesabu doti za nguo alizotozwa, mtemi baada ya mtemi, naye achukizwa na kila moja. Waarabu waliofuatana naye, wazoefu wa njia ile, walilipa. Wao walijua kwamba katika Ugogo mikuki si hatari kubwa kama kunyimwa kisima.

Lakini fungueni ukurasa ule anapoeleza soko lililomjia Mvumi. Wenyeji walimletea maziwa mabichi na maziwa ya mgando, asali, samli, kunde, mtama, uwele, mahindi, karanga, maboga, matango, na matikiti maji! Vyote hivi vilibadilishwa kwa merikani, kaniki na shanga. Mtu ametoka Chunyo, ambako aliyaona maji kuwa mabaya hata punda wasiyaweze, akavuka nyika kavu, akala tikiti la Ugogo. Kisha aliandika kwamba ameibiwa.

Sasa tutafakari jambo ambalo wote wawili waliliona kwa macho, wala hawakulipima. Mvua ya kwetu hunyesha tangu Desemba hata Aprili, na si kila mwaka yatosha. Baada ya hapo mito huwa mchanga mtupu, na maji yapatikana kwa kuchimba. Kila siku ya kiangazi ipitapo, shimo lazidi kwenda chini. Nani aliyachimba mashimo yale? Si wapagazi. Ni wenyeji, kwa mikono yao, wapate kuwanywesha ng'ombe wao na watoto wao. Basi fikirini kijiji cha namna hiyo, jua la Oktoba, na msafara wa watu mia tano wakishuka kwa pamoja na vibuyu vyao, kesho yake mwingine, na mtondogoo mwingine tena. Je, kutaka nguo kwa ajili ya maji hayo ndiko kunyang'anya? Huko Ulaya nako watu walitozwa fedha kwenye madaraja na njia kuu, wala wasafiri hawakuandika kwamba taifa zima ni wezi.

Hatusemi kwamba kila mtemi alitoza kwa haki. Wako waliotoza kupita kiasi, kwa kuwa walijua mgeni hana njia nyingine. Tena lipo neno zito zaidi, wala lisifichwe kwa vijana: misafara ile haikubeba pembe za ndovu tu. Watumwa pia walipitishwa humu kwenda pwani, nao walikunywa kwenye visima vilevile, na hongo ikapokewa juu ya vichwa vyao. Magomba na wenziwe hawakuacha maandiko, hatuwezi kuwauliza waliliona hili kuwa nini.

Kwa hiyo ni vema, baada ya wageni hao, msomaji akichukue kitabu cha Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Wengi wamjua kwa mashairi na ngonjera zake. Mwaka 1954 alitoa kwa Kiswahili kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Humo mtemi haonekani kama mtoza ushuru wa njiani. Twamwona kwake nyumbani, kati ya koo na wazee wake, na nchi yamtazamia yeye kwa habari ya mvua. Aliyeombwa mvua na watu wake ndiye aliyewadai wapitaji bei ya maji; Burton aliona nusu moja tu ya mtu huyo. Mwaka 1995 Gregory Maddox alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza, hata sasa wasomaji wa Burton na Stanley waweza kukisoma kwa lugha yao.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaleta habari za Mtunya, ile njaa kuu iliyokuja wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza. Mwenye mzee nyumbani aliyesikia masimulizi yake na ayaandike, atuletee.