Magere hakuuawa na mke

Kaa dakika kumi pale stejini Ahero, barabara ya Kisii inapoachana na ile ya Nairobi. Sema una rafiki anayechumbia msichana kutoka Kericho au Nandi Hills, halafu ngoja. Soda yako haitaisha kabla mtu hajakujibu: "Ambia huyo jamaa akumbuke Magere."

Hadithi unaijua. Luanda Magere, jemadari wa Kano kutoka ukoo wa Sidho, alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya Lang'o, yaani majirani zetu Wanandi, ilivunjika kifuani pake. Walipochoka wakaja na maneno ya amani, na binti mrembo wa kuoa. Wazee wakamkanya Magere, akakaidi. Siku moja akaugua, na mke mkubwa hayuko. Akamwambia yule binti achanje kivuli chake, si mwili, ampake dawa. Damu ikatoka. Binti akatoroka na siri hadi kwao, na vita vilivyofuata mkuki ukalenga kivuli. Magere akaanguka, akageuka jiwe, lile ambalo wawindaji walikuwa wakinolea mikuki wakiamini hawatarudi mikono mitupu.

Sasa mbona hadithi nzito hivyo tunaibana iwe onyo la ndoa tu: usioe ng'ambo ile?

Mimi nakataa. Kwanza, vile vita havikuanzishwa na mke. Vilikuwa vya ng'ombe na malisho, pale tambarare ya Kano inapokutana na milima, na sisi pia tulipanda huko kuteka mifugo. Pili, huyo binti alitumwa. Hakuulizwa kama anataka kulala nyumba ya adui. Lau angekuwa wetu, ametumwa upande wa pili akarudi na siri ya jemadari wao, leo si tungekuwa na shule yenye jina lake?

Wanandi nao wana kidonda chao. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alienda kukutana na Waingereza akijua ni mazungumzo ya amani. Meinertzhagen akampiga risasi. Lakini sijasikia Mnandi akimkataza mwanawe kumpa mtu mkono kwa sababu ya Koitalel. Wanamlaumu aliyefyatua bunduki. Sisi tumemwacha aliyeshika mkuki, tukamshika mwanamke.

Kitu kingine, na hiki ndicho huniuma zaidi. Magere alitoka vitani bila mkwaruzo, sawa. Waliokuwa kando yake je? Vijana wa rika lako, wenye nyama na mifupa ya kawaida, mikuki iliwaingia vizuri tu. Hakuna jiwe lao. Mei 2023 watu waliuawa Sondu, mpakani mwa Kisumu na Kericho, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kivuli cha ajabu. Wakati huo mitandaoni kuna watu waliokuwa wameketi salama Nairobi wakiandika "sisi ni watoto wa Magere." Haya, mtoto wa Magere, ungeshuka basi Sondu siku hiyo?

Nimesimuliwa hadithi hii mara nyingi, na wazee na hata makondakta. Hakuna aliyewahi kunitajia jina la yule binti. Kwa hivyo ukiambiwa tena umkumbuke Magere, muulize msemaji mambo mawili: binti aliitwa nani, na nani alimtuma?