Jina Langu, Sufuria ya Mwingine

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye semina ya ujasiriamali hapa Musoma. Kijana aliyetufundisha, nadhifu na mwenye sauti nzuri, alituambia akina mama tuliojaa ukumbini kwamba zama za kuhangaika na mitambo zimepita. Ukitaka kuuza vipodozi, alisema, huhitaji sufuria wala jiko. Unahitaji jina zuri, nembo ya kuvutia na simu. Viwanda vipo Dar es Salaam, vipo Nairobi, vipo Guangzhou. Utapeleka jina lako, watakupikia mafuta, watayatia kwenye chupa na kubandika lebo yako, nawe utakwenda kupokea katoni zako stendi ya Bweri. Akina mama wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilitaka kusimama niseme jambo, lakini nilijua nikifungua mdomo pale nitalia, na mwanamke wa umri wangu kulia kwenye semina ni kuwaharibia watu chakula cha mchana. Kwa hiyo naandika.

Nianze kwa kumtendea haki. Kijana yule hakudanganya. Biashara ya urembo duniani huendeshwa hivyo. Ipo kampuni ya Italia iitwayo Intercos, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambayo kazi yake ni kuwatengenezea wengine poda na rangi za midomo. Mabibi wa mijini wanaobishana nani kanunua iliyo bora huenda wamenunua vitu vilivyotoka chini ya paa moja. Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Mtu anunuaye kitambaa Mukendo akampelekea fundi cherehani hana cherehani, na hakuna amwambiaye kwamba gauni si lake.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa mashine ya kusaga. Nimezaliwa Butiama, na kazi yangu ya utotoni ilikuwa kumsindikiza mama mashineni. Alibeba debe la mtama na muhogo mkavu, mimi nikabeba kifurushi cha ulezi. Mashine haikuwa yetu, tulilipia kwa debe. Sasa sikiliza alivyofanya mama. Kwanza alichungulia nani ametangulia na anasaga nini, kwa sababu unga wa aliyetangulia hubaki kidogo ndani ya mashine, na kama muhogo wake umeoza utaula wewe. Pili, alisimama. Vumbi, kelele, joto la injini, yeye kasimama na mkono kauweka kwenye debe lake mpaka punje ya mwisho imeingia na unga wa mwisho umetoka. Mwenye mashine alikuwa shemeji yetu, mtu mwema kabisa, na mama alimwamkia kwa heshima zote. Na bado alisimama. Sijapata kumwona mwanamke wa Butiama akikabidhi debe mashineni kisha akaenda zake nyumbani kungoja aletewe.

Mimi nilikabidhi debe nikaenda zangu.

Nilikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilipostaafu nilikuwa na mazoea yangu ya kukoroga mafuta ya kupaka jikoni kwangu Nyasho. Kwa mafuta ya pamba, nta ya nyuki na samli kidogo iliyosafishwa vizuri, wazee wetu walipendeza. (Wazee wetu pia walichonga meno kwa ajili ya urembo, na Mwalimu Nyerere alichongwa yake kama Mzanaki mwingine yeyote, sisemi kila cha zamani kirudi.) Majirani walinunua, kisha walimu, kisha wauza dagaa wa Mwigobero ambao jua na maji ya ziwa huwakausha ngozi. Walikuwa hawaulizi kimo nini. Waliuliza tu, “Haya ndiyo mafuta ya Nesi?” Ndipo nikayaita hivyo. Yaangalieni maneno hayo jinsi yalivyo. Watu hawakununua samli wala nta. Walinunua miaka thelathini ya mtu aliyewachoma sindano watoto wao.

Wateja walipozidi nguvu za sufuria yangu, nilifanya kama kijana wa semina anavyofundisha leo. Kiwanda nilichokipata, katika jiji ambalo sitalitaja, kilikuwa safi, na waliokiendesha walikuwa na adabu. Walitaka chupa zisizopungua elfu moja kwa mara moja. Nilikopa kwenye VIKOBA ya wenzangu kumi na wanane. Tuliandikiana mkataba wa ukurasa mmoja: bei, idadi, rangi ya kifuniko, nembo. Kwa mauguzi ningeandika dawa, kipimo, saa na sahihi yangu, maana ndivyo nilivyofunzwa na ndivyo nilivyowafunza wanafunzi wangu. Kwenye karatasi hii ya fedha za watu kumi na wanane sikuandika hata kilichomo ndani ya chupa. Niliwapa kwa mdomo.

Toleo la kwanza lilikuwa zuri. Toleo la pili lilikuja jeupe zaidi, laini zaidi, na harufu kama ya duka la Wazungu. Nilipopiga simu waliniambia wameboresha. Nikapakia katoni kwenye basi kwenda kwa mawakala wangu Bunda, na kwa wiki tatu likaisha. Walipiga simu kutaka jingine. Wateja walisema mafuta ya Nesi siku hizi yanang'arisha, yanaondoa vipele usiku mmoja. Naungama hapa kwamba nilifurahi. Muuguzi mzima nilisikia kwamba mafuta ya kupaka yanaondoa vipele usiku mmoja, na badala ya kushtuka nikahesabu faida.

Baada ya miezi miwili mwanamke mmoja alipanda gari kutoka Bunda hadi kwangu Nyasho akiwa na mtoto mgongoni. Uso wake ulikuwa mwekundu, ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi ya kuvutia sigara, vijishipa vinaonekana. Mtoto wa miezi minane alikuwa na joto la ngozi. Mama akampaka, likaisha, likarudi, akampaka zaidi, likarudi kubwa kuliko la kwanza. Hakunijia kwa ugomvi. Aliniamkia, akakaa, akasema, “Mama Nesi, nimekuja unisaidie, haya mafuta yako nikiyaacha tu naungua.” Nilijua kabla hajamaliza. Hiyo ni tabia ya dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo daktari huziandika kwa siku chache, kwa sehemu ndogo, na kwa tahadhari kubwa kwa watoto wachanga. Niliwapeleka hospitali siku ile ile. Kisha nikapiga simu kiwandani. Wakaniambia kwa sauti ya kunihurumia, “Mama, tumeongeza cha kung'arisha kidogo tu. Soko ndilo linalotaka.” Walidhani wamenifanyia hisani.

Sasa nifike kwenye hoja, maana sikuandika ili nihurumiwe.

Hoja ya kijana wa semina ni kwamba kazi ngumu ni kupika, na kazi nyepesi ni kuwa na jina; basi mwachie mwingine ngumu, shika nyepesi. Nasema amegeuza. Kupika losheni ni kazi iliyokwisha kueleweka. Sehemu kubwa ya chupa ni maji, kuna mafuta, kuna cha kuyashikamanisha maji na mafuta yasitengane, kuna cha kuzuia ukungu. Mwenye sufuria, mzani na usafi ataiweza. Ngumu ni kujua kila mara, kwa kila toleo, kwamba kilichomo ndicho ulichokiahidi. Kazi hiyo hakuna kiwanda kitakachokufanyia, kwa sababu kiwanda hakijuani na mama wa Bunda. Mwenye jina ndiye ajuaye. Akiiacha, amebaki kibao cha barabarani.

Na tusijidanganye kwamba mwenye sufuria daima ni mnyonge wa mwenye jina. Kule Kenya nembo ya SuzieBeauty ilianzishwa na Suzie Wokabi, mpambaji hodari, na mwaka 2016 ikanunuliwa na kampuni ya Flame Tree, yenye viwanda. Sisemi ni jambo baya, pengine lilimfaa kila mmoja. Nasema tu kwamba jina lisilo na mtambo lina namna ya kuishia mikononi mwa mwenye mtambo, na katika semina jambo hilo halitajwi.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Nchi hii imewinda mkorogo kwa muda mrefu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi mwanzoni mwa mwaka 1969, dhidi ya sketi fupi, wigi, suruali za kubana na mafuta ya kubadili rangi ya ngozi. Vijana waliwakimbiza wasichana barabarani Dar es Salaam. Waliokimbizwa walikuwa wapakaji. Leo vipodozi vyenye haidrokwinoni, zebaki na steroidi vimepigwa marufuku. TFDA iliyoanzishwa mwaka 2003 ilivisaka, na tangu mwaka 2019 kazi hiyo iko kwa TBS. Ni kazi njema, nami naiunga mkono. Lakini mtu aende sokoni siku ya msako aangalie nani anakamatwa. Ni mama mwenye meza na chupa kumi na mbili. Aliyetia sumu kwenye pipa yuko mbali, na chupa haimtaji. Soma chupa zilizo chumbani kwako. Utakuta nyingine zimeandikwa “imetengenezwa kwa ajili ya” fulani, basi, na aliyetengeneza hayupo. Katika miaka ya 1980 viwanda vya Ulaya viliendelea kupika sabuni zenye zebaki kwa ajili ya Afrika, wakati Jumuiya ya Ulaya ilikwisha kuzuia zisiuzwe kwa watu wake kwa sheria ya mwaka 1976. Hizo nazo zilikuwa “kwa ajili ya” mtu. Sisi wa Butiama hatuhitaji kuelezwa zebaki ni nini. Kule Buhemba wachimbaji wadogo huikoroga na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, na figo zao ndizo zinazolipa.

Wazungu wenyewe baadaye walijirekebisha. Kwa kanuni yao ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika mwaka 2013, kila kipodozi kinachouzwa Ulaya lazima kiwe na mtu mmoja mwenye dhamana, jina na anwani yake juu ya chupa, awe amekipika au hakukipika. Hawezi kusema kiwanda kilinibadilishia. Mimi ningeongeza: na jina la aliyepika liwe chini yake, kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Mkataba uwe na viambato vyote na vipimo vyake, na uandikwe kwamba kikibadilika hata kimoja bila sahihi yangu, katoni zote zinarudi kwa gharama ya kiwanda. Na kila toleo chupa tatu zibaki kwangu kabatini, zenye namba, zisiuzwe.

Mwenzangu mmoja wa VIKOBA, mwanamke ninayemheshimu, aliniambia hayo ni ya matajiri. Kupima toleo ni fedha, nauli ni fedha, mwanasheria ni fedha. Ukiyadai yote hayo mwanamke wa Bunda hatafungua biashara kamwe. Nimelifikiria neno lake muda mrefu, kwa sababu ni la kweli na kwa sababu deni lake bado sijalimaliza. Jibu langu ni kwamba gharama hiyo hulipwa tu. Nisipoilipa mimi, atailipa mtoto wa miezi minane. Kama biashara haiwezi kubeba nauli ya mwenye jina kwenda kusimama penye sufuria mara moja kwa kila toleo, basi arudi kwenye sufuria yake ya Nyasho, auze chupa hamsini. Si dhambi kuuza chupa hamsini.

Nimeanza tena, kwa kiwanda kingine. Siku ya kupika nilipanda basi usiku, nikafika alfajiri. Wakanielekeza kwenye viti vya wageni, wakaniletea soda. Niliwashukuru, nikaomba koti na kofia ya nywele. Msimamizi, kijana wa umri wa mwanangu, alisema, “Mama, utachoka, kazi ni saa sita.” Nilisimama saa sita.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nilipie uchapaji wa kurasa hizi. Chupa za toleo la pili zilikuwa elfu moja. Nilizunguka Bunda, Musoma na Butiama nikizikusanya na kurudisha fedha. Nimepata 412, nyingine zikiwa nusu. Zilizobaki sijui ziko wapi. Mafuta ya Nesi, kifuniko cha bluu, chini ya chupa imepigwa namba 2. Kama unayo, au dada yako anayo, asimpake mtoto. Na kama ameyatumia muda mrefu asiyakatishe peke yake ghafla, aende kwanza hospitali na chupa yenyewe mkononi. Kisha ailete kwangu Nyasho. Fedha yake ipo.