Tuhesabu siku kabla ya kumtuhumu mke

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zangu Waislamu, hapa Ufipa ndoa ikitimiza mwaka bila mimba, minong'ono huanza. Mke huitwa mgumba, kisha hutafutwa mganga wa kutazama nani kaufunga uzazi. Mbuzi huuzwa, jirani hutuhumiwa, na talaka hutolewa kabla wanandoa hawajahesabu hata siku.

Elimu hiyo haiko mbali. Mwanamke wa Kiislamu huhesabu siku za hedhi kwa ajili ya Swala, Saumu na eda. Hesabu hiyo hiyo yamfaa hapa. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 hulitarajia siku ya 14; mwenye siku 32, siku ya 18. Yai haliishi zaidi ya siku moja, bali mbegu za mume zaweza kuishi hadi siku 5. Kwa hiyo siku za matumaini ni kama 6: ile ya yai na 5 zinazoitangulia. Dalili yake ni ute unaovutika kama ute wa yai bichi la kuku. Joto la mwili, likipimwa kila alfajiri kabla ya kuinuka kwenda kutawadha, hupanda kidogo baada ya yai kutoka.

Basi mume aliyeshuka bonde la Rukwa kuvua, akarejea siku hizo zimekwisha, amlaumu nani?

Wapo wasemao kuhesabu ni kupungukiwa na tawakkul. La hasha! Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mola wake. Mkulima wetu wa mahindi husubiri mvua ndipo apande, wala hatumwambii kuwa imani yake ni haba.

Hata hivyo, hesabu ina mpaka wake, hasa kwa mwenye mzunguko usiotabirika. Mwaka ukipita bila mimba, au miezi 6 ikiwa mke ana miaka 35 na zaidi, waende hospitali wote wawili. Kasoro huweza kuwa kwa mume kama iwezavyo kuwa kwa mke. Mume anayekataa kupimwa, kisha akamwacha mkewe kwa hoja ya ugumba, amedhulumu.

Sura ya Ash-Shuura yatufunza kuwa Allah humpa amtakaye watoto wa kike, amtakaye wa kiume, na amtakaye humjaalia kuwa tasa. Mama wa Waumini, Bi Aisha (R.A.), hakuzaa, na daraja yake haikupungua.

Jina la Sumbawanga wengi hulifasiri kuwa "tupa uchawi". Basi na tuutupe kwa vitendo: tuombe dua, tuhesabu siku, twende kwa daktari, na tuwahurumie wake zetu.

Wabillahi tawfiq.